Makopo Mawili ya Amino

Waliompa jina la Winchi hawakumkosea. Katika karakana ya mageti alikokuwa akifanya kazi, lango lilipogoma kukaa kwenye bawaba zake, mafundi wanaume walivuta, wakasukuma, wakatukana, kisha mmoja wao akafuta jasho na kuita, "Jamani, Winchi yuko wapi?" Naye alikuja akijipangusa mikono kwenye ovaroli, akainama, akalipandisha lango kama mtu anayeokota kitambaa kilichomdondoka. Hakuwa mrefu. Alikuwa mpana wa mabega na mfupi wa maneno, na kicheko chake kilikuwa cha ghafla, kikishatoka kimetoka.

Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa jioni, kwenye ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi wa kunyanyua vyuma. Sakafu yake ilitandikwa mipira ya matairi yaliyochanwa, madirisha yalikuwa juu karibu na paa, na hewa ya humo ilinuka chaki na jasho lililokaa. Winchi aliingia humo akiwa msichana, mwaka aliofariki baba yake, hasira zake zilipokosa pa kwenda. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, bingwa wa uzito wake, na kila mwaka alisema huu ndio wa mwisho.

Mdogo wake walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi cha mama yao. Walipishana miaka mingi, na katikati yao hapakuwa na mwingine. Winchi ndiye aliyembeba mgongoni wakati Mama yuko kazini, ndiye aliyemsuka, ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza akaenda kulia nyuma ya ukuta wasimwone. Na ndiye aliyemshika mkono kumwingiza ghalani, akamwambia kocha, "Huyu ni wangu. Mfundishe kama ulivyonifundisha mimi, ila usimtukane."

Kocha alicheka. Baada ya mwaka mmoja hakucheka tena, alikuwa akimtazama Kitinda huku ameshika kidevu. Msichana alikuwa na kipaji. Winchi alipokuwa akinyanyua, watu waliona nguvu. Kitinda alipokuwa akinyanyua, waliona chuma kinapaa chenyewe, yeye akiwa amekisindikiza tu.

Amino zililetwa nyumbani na Kitinda. Jioni moja alirudi na mfuko, akatoa makopo mawili meusi yenye vifuniko vyekundu, akayaweka mezani mbele ya mama yao aliyekuwa anachambua mchele.

"Haya nayo ni nini?" Mama akauliza.

"Asidi amino, Mama."

Mama akalivuta sinia lake pembeni. "Asidi? Si ile wanayotia kwenye betri za magari? Nyie mnataka nizike wangapi?"

Winchi alicheka hadi akashika ukuta. Kitinda akavuta kiti, akaanza kueleza kwa ile sauti yake ya kufundisha watoto. "Siyo ile, Mama. Hii ndiyo inayojenga nyama ya mwili. Ukila maharage, ukila yai, tumbo linavunjavunja mpaka zinabaki hizi asidi amino, halafu mwili unazichukua kama matofali. Sasa mtu anayebeba vyuma, misuli yake inachanika kidogokidogo kila siku. Akinywa hii baada ya mazoezi, inaungika haraka. Kesho yake haamki anatembea kama bata."

"Basi si mle maharage," Mama akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Tofali ni tofali."

Winchi alipomuuliza daktari wa timu, jibu lilikuwa karibu lilelile. Kwa mtu anayekula vizuri, daktari alisema, unga huo unasaidia kidogo, na pengine usisaidie kabisa. Akaongeza kwamba unga wa kopo haukaguliwi na mtu, na wanamichezo wengi wameponzwa na vitu ambavyo havikuandikwa nje ya kopo. "Ukinunua, nunua mahali unapopaamini, na ulifungue mwenyewe."

Winchi alilifungua mwenyewe. Kila jioni alikoroga kijiko kimoja kwenye chupa ya maji, akanywa akiwa amefumba jicho moja, maana ladha yake ilikuwa ya limau lililooshwa kwa sabuni. Lakini asubuhi aliamka na mgongo uliokubali kunyooka, na kwa mwanamke wa umri wake anayeshinda ameinamia vyuma, mgongo unaonyooka ni habari njema. Kama ni amino au ni imani, hakutaka kujua.

Makopo yalikaa kwenye rafu ya jikoni, juu ya sufuria. Kitinda, ambaye tangu utotoni alikuwa mtu wa changu changu, chako chako, alilifunga la kwake kwa utepe wa nywele yasije yakachanganyika.

Yalipokaribia mashindano ya taifa, kocha aliwakamua. Kila jioni Winchi alirudi nyumbani mapaja yanatetemeka, anashuka kitini kama mjamzito wa mwezi wa tisa. Na wiki hiyohiyo kopo lake likaisha. Duka lilikuwa upande wa pili wa mji, na mguu wa kumfikisha huko hakuwa nao. Akatazama rafu. Kopo la Kitinda lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Kwa wiki kadhaa msichana alikuwa hajaligusa, akiulizwa anasema ladha yake imemchosha. Winchi akafungua utepe, akachota kijiko, akaurudisha utepe kama alivyoukuta. Kesho yake akachota tena. Akaendelea hivyo mpaka mazoezi yalipokwisha, akijichekea peke yake jikoni, maana wizi wa ndugu nao ni wizi gani?

Siku ya mashindano Kitinda hakuweza kula asubuhi. Alikunywa chai akaitapika uani, akakaa kwenye ngazi ameshika tumbo. Winchi alimpangusa uso kwa kitambaa cha maji.

"Ni woga tu," alimwambia. "Mimi mwaka wangu wa kwanza tumbo liliniendesha."

Kitinda alimtazama kama anayetaka kusema kitu. Kisha akasema, "Dada, twende tutachelewa."

Winchi alishinda. Kwenye jaribio lake la mwisho alipandisha chuma mabegani, akameza mate, akakisukuma juu, akasimama nacho mpaka waamuzi wote watatu wakawasha taa nyeupe. Ukumbi ulipiga kelele jina lake la karakanani. Kitinda alipata nafasi ya pili kwenye uzito wake, na kwa umri wake hiyo ilikuwa kama ya kwanza. Akiwa bado na chaki mikononi, Winchi aliongozwa na mwanamke mmoja mwenye beji hadi chumba cha kutoa mkojo wa kupimwa dawa, kama mabingwa wote. Alikuwa amekwishafanya hivyo mara nyingi, hata akamtania yule mwanamke kwamba kazi yake ni nzuri, haina foleni.

Majibu yaliletwa karakanani na kocha. Aliingia bila salamu, akasubiri Winchi amalize kuchomelea kipande alichokuwa nacho, kisha akamwambia. Mkojo wake umekutwa na dawa iliyokatazwa, dawa ya homoni ya kujenga misuli.

Winchi akacheka. "Wamebadilisha chupa, Kocha. Waambie watafute mwenye chupa yake."

Ikafunguliwa sampuli ya pili mbele yake. Ikasema yaleyale.

Hapo ndipo ulipoanza msako. Winchi alipekua maisha yake kama mtu aliyepoteza pete kwenye unga. Dawa ya kikohozi aliyokunywa, ikapelekwa ikapimwa. Kopo lake la amino lenye vumbi lililobaki chini, likapelekwa, likarudi safi. Kuhusu kopo la Kitinda alifikiri mara moja tu, akaliacha. Yalinunuliwa pamoja, duka moja, siku moja. Kama moja ni safi na la pili ni safi. Na hata kama pangekuwa na shaka, kulitaja ni kumtia mtoto wa watu kwenye moto usiomhusu. Jina la Kitinda lilikuwa limeanza kutajwa kwa ajili ya timu ya taifa. Akanyamaza.

Kitinda alimsaidia kutafuta. Alikaa naye mezani, akamshika mkono, akalia naye machozi ya kweli. Siku moja akasema, "Dada, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unatafuta kwenye vikohozi. Nani anakugusa mwili kila wiki? Yale mafuta ya Mkandaji umewahi kuuliza yametengenezwa na nini?"

Mkandaji alikuwa mzee wa pale ghalani, aliyekanda migongo ya wanyanyuaji tangu kabla Winchi hajafika. Mafuta yake aliyachanganya mwenyewe, kwenye chupa zilizokuwa za juisi. Mtu anayezama hushika hata ujani. Winchi akaandika jina lake kwenye maelezo yake kwa kamati ya kupinga dawa michezoni, na siku ileile uongozi wa ghala ukamwambia mzee achukue mkoba wake.

Alikutana naye mlangoni. Mzee alisimama, chupa zinagongana mkobani.

"Ni wewe, Winchi?"

Winchi akainamisha kichwa. Alitazama matairi ya sakafuni mpaka viatu vya mzee vikaondoka mbele yake.

Mafuta nayo yakapimwa, yakakutwa ni mafuta. Lakini hakuna aliyemwita mzee arudi. Alikwishapatikana kijana mwenye meza ya kukunja.

Ikawa Jumapili, dada na mdogo wanafua uani. Jina la Kitinda lilikuwa limetoka. Angekwenda kambini na timu ya taifa, halafu nje ya nchi. Beseni lilikuwa katikati yao, povu limefika viwikoni. Winchi akasema bila kuinua kichwa, "Nimechoka. Nitawaambia kamati sina la kusema tena. Wanifungie tu. Nimetafuta mpaka nimeanza kujishuku mwenyewe, labda natembea usingizini, nakunywa dawa nisizozijua."

Machozi yakamwangukia kwenye povu. Kitinda akaitupa nguo aliyokuwa nayo.

"Na wewe nawe, dada!" akasema kwa uchungu. "Si ungekunywa tu ya kwako!"

Mikono ya Winchi ikasimama ndani ya maji. Jirani alikuwa akitwanga kitu nyuma ya ukuta, naye akaacha kidogo, kisha akaendelea.

"Nani kakwambia nilikunywa isiyo yangu?"

Kitinda akairudia nguo aliyoitupa, akaanza kuifikicha.

"Nakuuliza. Mimi sijamwambia mtu. Sijamwambia kocha, sijamwambia kamati. Wewe umejuaje?"

Ilimchukua muda, lakini ikatoka, kwanza kwa matone, kisha yote. Kijana wa duka la virutubisho alimpa unga mwingine. Akamwambia auchanganye humohumo kwenye amino, hakuna atakayejua, wakubwa wote ndivyo wanavyofanya. Akatumia, akaona vyuma vinakuwa vyepesi. Kijana akamwelekeza aache mapema kabla ya mashindano, mwili ujisafishe, naye akaacha.

"Nilitaka kulitupa kopo, dada, Mungu shahidi. Siku ile kabla ya mashindano nililishusha nikalitupe. Nikalifungua, nikaona..."

"Ukaona limepungua."

"Nilidhani ni kidogo. Nilidhani labda hawatakupima."

"Bingwa hupimwa, Kitinda. Kila mwaka napimwa, wewe unanishikia koti."

Msichana akaanza kulia. Winchi alisubiri zile hasira zake za zamani zije zimsaidie, hazikuja.

"Ulijua kabla sijapanda jukwaani," akasema taratibu. "Pale kwenye ngazi, ulipotapika. Mimi nakupangusa uso, na wewe unajua."

"Ningekwambia ungeniuliza ni nini. Ungemwambia kocha."

"Ningeumwa tumbo," Winchi akasema. "Ungeniambia tu, dada, kesho usinyanyue. Ningesema naumwa tumbo, ningelala hapa nyumbani. Nisingekuuliza hata kwa nini."

Kitinda akajifunika uso kwa mikono yenye povu. Winchi akainuka, akaanika nguo zilizobaki moja moja, akazibana vibanio. Zilipokwisha akarudi akamwambia, "Tutakwenda wote kwenye kamati. Utasema mwenyewe, nami nitakaa pembeni yako. Wewe ni mdogo, hawatakuua. Na yule mzee arudishiwe jina lake."

"Sawa, dada."

"Kopo liko wapi?"

"Lipo bado, rafuni. Niliogopa hata kuligusa."

"Liache hapohapo. Wataliona wao wenyewe."

"Sawa. Nipe kesho tu, nijikaze."

Akampa kesho. Na hiyo kesho, aliporudi kutoka karakanani, alikuta rafu ya jikoni imefutwa ikang'aa. Sufuria zilikuwepo. Kopo halikuwepo, wala utepe. Mama na Kitinda walikuwa wamekaa kitanda kimoja, mkono wa Mama umezunguka mabega ya mdogo.

"Kaa, mwanangu," Mama akasema.

Winchi hakukaa.

"Mwenzio amenieleza. Amekosa, nimemgombeza, unamwona alivyovimba macho. Lakini hebu tuongee kikubwa." Mama alizungumza pole pole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Wewe umeshaula wakati wako. Umekuwa bingwa, watu wamekushangilia, kila mwaka unasema unaacha. Huyu ndiyo kwanza anafungua mlango. Akienda kusema, mtafungiwa wote wawili. Mimi nitakuwa nimepata nini?"

"Mama, jina langu linaitwa mwizi."

"Jina lako tunalijua sisi wenyewe."

"Mzee wa watu amefukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Nani kamfukuza? Si wewe ndiye uliyemtaja?"

Hilo lilimpata pabaya, maana lilikuwa kweli. Alimtazama Kitinda. Kitinda alikuwa akichezea pindo la shuka. Winchi akasema kwamba yeye atakwenda kusema, wawepo wasiwepo, akatoka kwenda kulala chumba cha pili. Na hata alipolala alikuwa na tumaini moja lililomshika kichwa. Kumwombea mtoto msamaha ni jambo la mama yeyote. Lakini Mama alikuwa mtu wa kusali, aliyewahi kuwachapa kwa uongo wa andazi moja. Akiulizwa mbele ya watu, hatasema uongo.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole wa sauti. Winchi alisimulia yote, toka utepe mpaka beseni. Wakamsikiliza. Kisha wakawaita waliobaki.

Kitinda aliingia amevaa fulana ya timu ya taifa. Akasema hajui lolote kuhusu dawa. Akasema dada yake amechanganyikiwa, na yeye anamhurumia. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama maji kwenye glasi. Winchi hakushangaa sana. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuzoea.

Akaingia Mama, na gauni lake la siku kubwa, mkoba umebanwa kwapani.

"Mama," mwenyekiti akasema, "samahani kwa kukusumbua. Tunataka kujua kitu kimoja tu. Jikoni kwako kulikuwa na makopo mangapi ya unga huu?"

"Moja."

"Una uhakika?"

"Jikoni ni kwangu. Nisijue vyombo vyangu?"

"Lilikuwa la nani?"

Mama alimwelekeza Winchi kwa kidevu. "La huyu mkubwa. Mimi niliwakataza tangu mwanzo. Niliwaambia wale maharage."

Mjumbe mmoja akatabasamu. Mama hakumtazama binti yake alipokuwa akisema, wala alipoinuka, wala alipopita nyuma ya kiti chake kuelekea mlangoni, ingawa mkoba wake ulimgusa bega.

Karakanani wana sheria moja ambayo kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Mkibeba chuma wawili, anayetaka kuachia husema. Hupiga kelele, "Naachia!" ili mwenzake atoe mguu. Mtu anaweza kuchoka, anaweza kushindwa, hakuna atakayemlaumu, ila aseme. Winchi alikaa kwenye kile kiti, feni inalalamika juu yake, akawaza kwamba amebeba nyumba ile na mama yake tangu baba alipokufa, mmoja huku, mmoja kule, na Mama ameachia bila kutoa sauti.

Uamuzi ulisomwa baadaye. Kamati iliona kwamba mwanamichezo amebadilisha maelezo mara mbili, kwanza akamlaumu mkandaji, kisha ndugu yake wa damu, na kwamba ushahidi wa familia unampinga. Akafungiwa miaka minne na kunyang'anywa ubingwa. Kocha alimsindikiza mpaka nje, akamwambia, "Mimi nakuamini," lakini alisema akiwa ameangalia saa yake, na jioni hiyo alikuwa na mazoezi ya Kitinda.

Winchi alihama. Mwenye karakana alikuwa na chumba cha stoo nyuma, akakiondolea mabaki ya bati, akampa. Hakuchukua vingi nyumbani: nguo zake, godoro lake, na picha ya baba yake, ambayo Mama alimwachia aichukue bila neno.

Kitu cha kwanza alichofanya alipotulia ni kumtafuta Mkandaji. Alimkuta kibarazani kwake anamkanda mama mmoja aliyeteguka kifundo. Akasubiri pembeni mpaka mgonjwa alipoondoka akichechemea.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba." Mzee alikuwa akifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikusingizia. Nimewaandikia ghalani kwamba nilikosea, sijui kama wamekuambia."

"Walileta salamu. Kazi hawakuileta."

"Lilikuwa kopo la mdogo wangu."

"Nimesikia. Mji huu una masikio kuliko watu." Akaketi, akamwonyesha kigoda. Winchi akakaa. Mzee akafunga chupa yake ya mafuta. "Ulinijua miaka mingapi, Winchi? Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Na hukuniuliza hata mara moja, mzee, ni wewe? Ungeniuliza tu."

"Kweli."

"Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na naona umedanganywa vya kutosha." Akavuta pumzi. "Lakini rudi. Ukipita huku, pita. Pengine siku moja nitalisema neno hilo."

Akawa anapita. Wakati mwingine alimkuta mzee mchangamfu, wakati mwingine hamjibu. Alipita hivyohivyo.

Mama alikuja karakanani mara moja, mchana, Kitinda akiwa ameshaondoka kambini. Alisimama katikati ya vyuma na cheche, ameshika gauni lisichafuke, na mafundi wakamletea kiti, maana mama wa mtu ni mama. Winchi alivua miwani yake ya kazi.

"Nyumba imekuwa kubwa," Mama akasema. "Rudi nyumbani."

"Mama, nitakuletea matumizi kama kawaida. Ukiumwa niite, nitakuja nikubebe mwenyewe. Lakini kurudi, hapana."

"Nilikuwa nafanya nini, mwanangu? Ningewakosa wote wawili."

"Ungetukosa kwa mwaka. Mdogo wangu angelia, mimi ningelia, tungekula maharage, tungerudi." Akafuta miwani kwenye ovaroli. "Mimi sina hasira na wewe kwa kumpenda yeye, Mama. Mimi mwenyewe nampenda, ndiyo maana nilinyamaza. Ila ulipoulizwa ni makopo mangapi, ulijibu haraka. Hukusita hata kidogo. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho."

Mama aliweka mfuko wa matunda juu ya meza ya kazi, akaaga mafundi mmoja mmoja kwa heshima, akaondoka. Winchi alimtazama mpaka alipokata kona, mgongo wake umeanza kupinda, na mkono wake mwenyewe ukainuka kidogo kama unataka kuita. Hakuita. Aligawa matunda, na yeye akala moja.

Kitinda alirudi kutoka nje ya nchi na medali ya fedha. Redio ilimhoji. Karakanani walipunguza kelele za mashine ili wasikilize, wakasikia sauti yake nyororo ikimshukuru Mungu, ikimshukuru kocha, kisha ikasema, "Na dada yangu, aliyenifundisha kila kitu." Mafundi wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono kuizima redio. Winchi akamwambia aiache, akaendelea kupiga msasa kipande chake mpaka kipindi kilipokwisha na muziki ukaanza.

Alasiri akaja mteja, mwalimu mmoja mstaafu aliyeagiza lango la mbele la nyumba yake. Alikuwa amefurahi, anapeana mikono na kila mtu.

"Wewe si ndiye dada yake?" akamwambia Winchi. "Hongera sana. Mdogo wako ametutoa kimasomaso."

Winchi alimtazama. Mzee wa watu alikuwa na uso mwema, hajui lolote.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Njoo uone bawaba hizi kama ndizo ulizotaka, au nizibadilishe kabla sijapaka rangi."